Kuacha Nyama Bila Kupenda Mboga

Isidori wa Daudi alikuwa mtu wa nyama. Kwa mambo mengine alifanana na sisi majirani zake: alilima kitunguu saumu, alisali Jumapili, aligombana na mke wake Fransiska kuhusu mpaka wa bustani. Ila kwenye nyama alikuwa peke yake. Akifika msibani aliuliza kwanza marehemu alikuwa na umri gani, halafu akauliza ng'ombe ana umri gani. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani alipita kwenye bucha la Hatibu pale senta, penye maduka ya kijiji, akanywa bakuli la supu akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliye kanisani.

Mboga za majani hakuzigusa. Hazikumdhuru, alizichukia tu. Fransiska akichanganya mchicha kidogo kwenye mchuzi, Isidori aliutoa jani moja moja na kuupanga pembeni mwa sahani. "Majani yana wenyewe," alisema. Alimaanisha mbuzi.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyeacha nyama. Fransiska ndiye aliyetusimulia ilivyokuwa, kwa sababu Isidori si msemaji.

Walikuwa na maksai mmoja aliyeitwa Sajenti, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Alikuwa amelima mashamba yao tangu Judica, binti yao, akiwa shule ya msingi, na sasa Judica alikuwa muuguzi na mchumba wa mtu. Sajenti alizeeka. Magoti yalivimba, mtaro ukawa unapinda. Isidori akafanya kile ambacho kila mmoja wetu hufanya: akampeleka mnadani, akamuuza kwa mfanyabiashara wa nyama, akarudi nyumbani na kamba.

Lori la yule mfanyabiashara likaharibika njiani. Wakawashusha ng'ombe wapate majani wakati fundi anahangaika, na Sajenti akaondoka. Hakukimbia, magoti yasingemruhusu. Alitembea tu. Siku iliyofuata, asubuhi, Fransiska alipotoka na ndoo ya maziwa alimkuta amesimama zizini mahali pake, upande wa ukuta, akisubiri kufungwa.

"Baba Judica," Fransiska akaita, "njoo uone mgeni."

Isidori akaja, akaangalia. Akamletea maji.

Saa nne mwenye mali akafika na gari dogo la mizigo na vijana wenye fimbo. Isidori akamwomba arudishiwe ng'ombe, na yeye arudishe fedha. Mfanyabiashara akasema kwa heshima kwamba haiwezekani, nyama hiyo imeshaahidiwa watu. Akasema pia kwamba neno la mnadani ni neno. Isidori hakuweza kulikanusha hilo, kwa sababu maisha yake yote amelisema yeye mwenyewe.

Basi vijana wakaanza kumpandisha Sajenti kwenye gari. Hakutaka. Wakavuta, wakasukuma, mmoja akamkunja mkia, mwingine akampiga kwenye goti lile bovu. Maksai akalala chini. Wakampiga zaidi.

"Acheni," Isidori akasema. "Mtamvunja."

Akapanda yeye mwenyewe kwenye gari. Akasimama kule mbele, akageuka, akaita kwa sauti ile ile ya shambani: "Sajenti. Haya, twende."

Maksai akainuka. Akapanda ubao wa kupakilia mguu kwa mguu, akafika mpaka alipo Isidori, akalamba mkono wa koti lake. Isidori akamfunga, akashuka.

"Mzee," mfanyabiashara akasema, na alisema kwa shukrani ya kweli, "kama wote wangekuwa wanapakia kama wewe, kazi hii ingekuwa nyepesi."

Gari likaondoka. Isidori akachukua jembe akaenda kupalilia.

Mchana Fransiska alikuwa amepika nyama aliyoinunua jana yake kwa Hatibu, na nyanya, na pilipili kidogo. Isidori akanawa, akakaa, akaangalia bakuli. Judica alikuwepo, siku hiyo alikuwa na mapumziko.

"Sitakula," Isidori akasema.

"Unaumwa?" Fransiska akauliza.

"Hapana."

"Imeharibika?"

"Inanukia vizuri sana."

"Umeshiba?"

"Nina njaa."

Fransiska akamwangalia Judica, Judica akamwangalia baba yake kama wauguzi wanavyomwangalia mtu, kuanzia machoni.

"Kwaresima iliisha, Baba Judica," Fransiska akasema taratibu.

"Najua. Sajenti alikuja kwa sababu mimi ndiye niliyemwita. Wale vijana aliwakataa, na alikuwa na akili ya kuwakataa. Mimi akanikubali." Akasogeza bakuli upande wa binti yake. "Sili tena mnyama anayekuja akiitwa."

"Lakini huyu siye Sajenti. Huyu ni ng'ombe wa Hatibu."

"Na huyu kuna mtu alimwita."

Akala ugali na chumvi.

Tulidhani itapita. Mtu akipata huzuni huacha chakula kidogo, halafu tumbo linamkumbusha. Fransiska naye alidhani hivyo, akamwandalia mboga akiamini kwamba mboga zenyewe zitamrudisha kwenye nyama. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Isidori alisema mchicha una ladha ya udongo na mnavu una ladha ya dawa. Mlenda aliuita kwa jina ambalo Fransiska hakutaka kulirudia mbele yetu. Kabichi haikuwa na ladha yoyote, kwa hiyo ndiyo aliyoipendelea. Maharage aliyavumilia, ila maharage hayakumvumilia yeye. Maziwa yangemwokoa, lakini tumbo lake lilikuwa haliyataki tangu utotoni. Kikombe kimoja tu na asingeweza kwenda mbali na nyumba.

Mayai aliyaruhusu, kwa kuwa yai haliitiki. Bahati mbaya mayai alikuwa hayapendi. Alisema yananuka kuku aliyelowa.

Kuku wenyewe, hapana. Fransiska anapowarushia mahindi na kuwaita hukimbia wote mpaka wanaangushana.

Judica alijaribu kumsaidia. "Dagaa je, baba? Hakuna mtu aliyewahi kumwita dagaa akaja."

Isidori alilifikiria jambo hilo siku nzima, na Fransiska anasema alilifikiria kwa matumaini. Jioni akarudi na jibu. Alikuwa amemuuliza mtu mmoja senta aliyewahi kuishi Mwanza.

"Dagaa wanavuliwa kwa taa," akasema. "Wavuvi wanawasha taa, dagaa wanaifuata."

"Kwa hiyo?"

"Wanaitwa."

Akakata tonge la ugali, akalichovya kwenye kabichi, akafumba macho.

Pale senta habari zilifika kabla yake. Hatibu muuza nyama, ambaye familia yao ilihamia huku kutoka Kondoa kabla yeye hajazaliwa, alikuwa rafiki wa Isidori tangu wakiwa vijana. Siku ya kwanza Isidori alipopita bila kuingia, Hatibu alinyamaza. Siku ya pili akatoka nje na kisu chake mkononi, akamsimamisha barabarani.

"Isidori, nimekukosea?"

"Hujanikosea."

"Nyama yangu ni chafu?"

"Nyama yako ni safi kuliko zote."

"Nachinja kwa jina la Mungu, wewe unajua."

"Najua. Sina ubishi na Mungu, wala na wewe."

"Watu wanasema una ubishi na sisi tunaokula."

"Kuleni. Mimi sijamkataza mtu."

Hatibu akakiangalia kisu, akakihamishia mkono wa kushoto. "Sasa wewe na nyama mna ugomvi gani?"

Isidori akamweleza. Habari yenyewe haikuwa ndefu. Hatibu akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mimi wananijia wakiwa wamefungwa. Sijawahi kumwita hata mmoja."

"Ndiyo maana wewe unaweza."

"Ingia basi unywe chai."

Tangu hapo Isidori akawa anaingia kila asubuhi kama zamani, anakaa kwenye benchi karibu na sufuria la supu, anakunywa chai ya rangi na chapati, na mvuke unampitia usoni. Wateja wengine walimwonea huruma wakahamisha mabakuli yao mbali naye. Hatibu siku moja alimletea mchuzi mtupu, hauna hata kipande. Isidori akaunusa kwa muda mrefu.

"Umetoka wapi huu?"

"Kwenye sufuria."

"Na kwenye sufuria kuna nini?"

Hatibu akaurudisha.

Kukawa na watu waliomwelewa vibaya. Mama Imakulata alimletea kuku mzee aliyeacha kutaga, akisema yeye hana moyo wa kumchinja na amesikia Isidori anawapokea. Isidori akamrudishia. "Nimeacha kula," akasema, "sijaanza kufuga wazee." Mwalimu mmoja kijana alimsimamisha akamwambia kwamba wasiokula nyama hujisikia wepesi na hulala vizuri, akamuuliza kama ameanza kuona mabadiliko hayo.

"Nina njaa," Isidori akasema.

Kilichomtisha Fransiska hasa ni ukwe. Judica alikuwa amechumbiwa na Modest, mwalimu wa Katesh, mtoto wa mzee Gidabuday, mfugaji anayekaa ng'ambo ya Katesh, chini ya mlima Hanang. Mahari yalikuwa yamekwisha kulipwa, na mzee akawaalika wazazi wa binti waende wajuane. Kwa mzee kama huyo mgeni hakaribishwi kwa kabichi.

Njia nzima Fransiska alimfundisha mume wake.

"Sema unaumwa."

"Siumwi."

"Sema daktari amekukataza."

"Hajanikataza."

"Basi chukua kipande, ukishike, ukiweke chini kwa siri."

"Nikiweke wapi? Mbele ya mkwe nikawape mbwa nyama yake?"

Fransiska akaanza kusali rozari.

Mzee Gidabuday aliwapokea vizuri. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka begani, na fimbo yake aliisimamisha ukutani mwenyewe ili kuonyesha kwamba siku hiyo hana kazi nyingine. Wakasalimiana, wakaulizana mvua, mifugo na watoto, halafu nyama ikaletwa. Alikuwa kondoo mnene wa mkia wa mafuta. Mzee akachagua kidari kwa mkono wake, akakiweka kwenye sahani safi, akamkabidhi Isidori kwa mikono miwili.

Isidori akaipokea sahani kwa mikono miwili. Akaishikilia.

"Mkwe," Isidori akasema, "nyama hii ni nzuri kuliko niliyoila mwaka huu wote. Siwezi kuila. Naomba unisamehe, na naomba kosa hili lisiwaangukie watoto."

Modest akaangalia chini. Mzee Gidabuday hakubadilika uso.

"Huko kwenu," akauliza, "mtu akikataa ukwe, anakataa nyama?"

"Hapana. Ukwe nimeupokea. Nyama ndiyo siwezi."

"Kwa nini?"

Fransiska akajaribu kuingilia kwa habari ya vidonda vya tumbo, lakini Isidori alikuwa ameshaanza. Akasimulia yote: mnada, lori, zizi, vijana, goti. Akafika pale alipopanda kwenye gari na kuita, akaishia hapo.

Mzee Gidabuday akauliza, "Alikuwa rangi gani?"

"Mwekundu. Baka jeupe hapa."

"Pembe?"

"Ya kushoto iliinama mbele."

"Alilima upande gani?"

"Kulia, ndani ya mtaro. Mwenzake ndiye aliyemfuata."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu kila lilipotoka jibu, kama mtu anayepewa habari za marehemu aliyekuwa anamfahamu.

"Pole sana," akasema.

Tangu Sajenti aondoke, sisi wote tulikuwa tumemuuliza Isidori maswali, tumemcheka, tumembishia, tumemletea kuku. Hakuna aliyekuwa amempa pole. Isidori akaweka sahani chini, akajifuta uso kwa kofia, na Fransiska akageuka akaangalia mlima.

Baada ya muda mzee Gidabuday akasema, kwa ukarimu, "Lakini huyu kondoo mimi sikumwita. Nilimkamata mguu."

Isidori akainua kichwa. Fransiska anaapa kwamba aliona njaa yote ya miezi ile machoni pake. "Hawaji ukiwaita?"

Mzee ni mtu mkweli. Akageukia zizi, akapiga mluzi mmoja mfupi. Kondoo wote waliobaki wakainua vichwa, wakaja mpaka kwenye uzio, wakapanga nyuso.

Wazee wawili wakawaangalia.

"Wanakuja," Gidabuday akasema.

"Wanakuja," Isidori akakubali.

Mzee akachukua kile kidari akakila mwenyewe, kisha akaagiza aletewe mgeni maziwa. Yakaja kwenye kibuyu kikubwa, ya mgando, mazito. Isidori akayaangalia. Mtu anaweza kumkatalia mkwe wake mara moja tu kwa siku. Akakipokea kibuyu, akanywa mpaka mwisho, akashukuru. Safari ya kurudi Fransiska hajawahi kutusimulia yote. Alisema tu kwamba dereva alikuwa kijana mvumilivu, na kwamba kati ya Katesh na kwetu Mbulu kuna vichaka vya kutosha.

Ikabaki sendofu ya Judica, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Watu wa kamati walimjia Isidori kwa wasiwasi, wakidhani atasema wageni wale mlenda. Akawaambia wachinje kama watu, yeye hajatunga sheria ya kijiji. Aliomba jambo moja tu, kwamba wakija kuchukua mbuzi wake wasimwambie yeye awaite. Siku ile wanakuja alikwenda shamba la mbali.

Kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka ni ndafu. Ukumbi wa parokia ulijaa, na Nikolausi, aliyekuwa mshereheshaji, alikuwa ameshachezesha watu wakatoka jasho, ndipo mlango ukafunguliwa na wapishi wakaingia wakicheza, wamembeba mbuzi mzima aliyechomwa, amesimama kwenye sinia kwa miguu yake minne, anang'aa, amevishwa shada la karoti shingoni na amewekewa fungu la majani ya kotimiri mdomoni kana kwamba alikuwa bado anakula. Wakamweka mbele ya meza kuu. Vigelegele vikapigwa.

"Sasa," Nikolausi akasema kwenye kipaza sauti, "binti yetu atamlisha baba mzazi kipande cha kwanza! Baba mzazi, simama, watu wakuone!"

Isidori akasimama katika suti yake. Upande wa pili Gidabuday alikuwa ameketi na watu wake, wote wamenyoosha shingo. Ukumbi mzima tukakumbuka kwa pamoja, na kelele zikapungua kama mvua inayokatika. Nikolausi naye akakumbuka. Alikishusha kipaza sauti, kisha akakipandisha tena kwa sababu hakujua la kufanya nacho.

Judica akachukua kisu. Akatembea polepole kuzunguka meza, na gauni lake refu, mpaka alipo yule mbuzi. Akamwangalia baba yake. Isidori alikuwa amesimama wima, mikono pembeni, na tuliokaa mbele tuliona midomo yake imefungwa kabisa. Kama binti yake angemnyooshea nyama mbele ya watu wale, sijui angefanya nini. Nilimuuliza baadaye. Alisema naye hajui.

Judica akaweka kisu chini. Akanyoosha mkono, akalitoa lile fungu la kotimiri mdomoni mwa mbuzi. Akalipangusa mafuta kwa leso yake, shina kwa shina, bila haraka, kama anavyosafisha vifaa vya kazini. Kisha akaenda mbele ya baba yake, akapiga goti, akamlisha.

Isidori akafungua mdomo. Akapokea fungu zima, na mashina yake.

Akatafuna. Watu walianza kupiga makofi, na makofi yakaisha, na yeye alikuwa bado anatafuna. Macho yalimlowa. Jani moja lilibaki limening'inia nje ya mdomo na Judica akalisukuma ndani kwa kidole. Upande wa Katesh mzee Gidabuday alisimama, akaegemea fimbo yake, akatazama mpaka mkwe wake alipomeza.

Ukumbi ukalipuka. Nikolausi akapata nguvu tena, akaruka mpaka pale, akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Baba mzazi! Waambie wageni! Tamu, au si tamu?"

Isidori alifikiri. Alikuwa akitaka kumpendezesha binti yake, hilo lilionekana.

"Si tamu," akasema.

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika meza. Judica alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mkono mmoja bado umeshika koti la baba yake. Akainama akamnong'oneza, "Nikuongezee, baba?"

"Usiniongezee," Isidori akasema. "Nenda ukawalishe wakwe zako, chakula kinapoa. Na mwambie mtu aniletee maji."